Fyuzi ya Sauna

Saa kumi jioni, Novemba, na kisiwa cha Saaremaa
kimeshajifunika gubigubi.
Miaka thelathini na mmoja nilisambaza barua kwa baiskeli,
nalijua giza la kila lango kwa jina lake.
La kwangu ndilo lililonigeuka:
juzi liliniangusha kwenye barafu,
na mtu, simjui nani, akaondoka na nusu ya kuni zangu
nikiwa bado nahesabu mbavu.

Basi nikanunua taa. Ina jicho dogo chini ya kidevu;
akipita mwenye damu ya moto, inawaka.
Boksi linasema kazi ni rahisi.
Boksi halijawahi kupigwa na umeme.

Heino, aliyekuwa fundi wa kiwanda cha maziwa,
siku hizi hapandi ngazi.
Anaishika kwa chini na kupanda kwa maneno:
Zima.
Nimezima.
Umezima ipi?
Palipoandikwa *Taa za Nje*.
Nani aliandika?
Baba.
Akanyamaza. Alimjua baba.

Ijaribu testa jikoni kwanza, penye uhai.
Ikawaka.
Haya, sasa nenda kwa maiti wako.

Nikapanda. Nikafungua kisanduku cha zamani chini ya paa:
nyaya mbili za alumini, zote nyeupe,
mapacha wasio na majina, wa enzi zile
ambazo hata waya haukupewa rangi yake.
Nikagusisha ncha ya testa.

Ikawaka.

Theluji iliendelea kunitua begani kana kwamba haijaona kitu.
Heino, nikasema, maiti anapumua.
Shuka, akasema. Usiguse chochote. Shuka tu.

Tukazima moja moja:
jiko, chumba cha mama, pampu ya kisima.
Kila mara napanda, kila mara lile jicho jekundu linanikodolea,
mpaka tulipofika *Sauna*,
likafumba.
Nikarudi kuijaribu testa penye uhai, isije ikawa imekufa yenyewe.
Haikuwa imekufa.

Sauna! Kule nyuma, kwenye misonobari!
Endel, baba yangu, mwalimu wa hesabu,
aliuvuta umeme wa ua kutoka huko, chini ya matuta ya viazi,
mwaka gani, akimkwepa mkaguzi yupi,
hakumwambia mama, hakuniambia mimi,
nasi tukiuamini mwandiko wake mzuri.
Nilitaka kumkasirikia.
Nikacheka hadi ngazi ikatikisika
na Heino akanikaripia kama mtoto.

Mengine yalikuwa kazi ya vidole.
Shaba na alumini hazilazwi kitanda kimoja,
hulana polepole, kama ndoa fulani ninazozijua;
nikazikutanisha kwa kiungo chenye ukuta katikati.
Taa yenyewe ina ngozi mbili, Heino ndiye aliyeichagua,
kwa kuwa nyumba hii haina waya wa ardhi.
Kebo nikaipinda chini kabla ya kuingia ndani,
ili maji ya mvua yaning'inie pale, yafikiri, kisha yadondoke.
Jicho nikalielekeza langoni,
mbali na dirisha la Virve, ambaye usingizi wake ni wa deni.
Viazi vikivunwa tutaufukua ule waya wa baba,
kabla jembe halijautangulia.

Sikuwasha kwanza. Nilitafuta kalamu.
Chini ya *Sauna* nikaongeza: *na taa ya nje*.
Chini ya *Taa za Nje*: *uongo. Pima.*
Mwandiko wangu ni wa mtu aliyeandika maisha yake yote
juu ya goti, upepo ukivuta karatasi.
Lakini Triin akija siku moja kuirithi nyumba,
atausoma na vidole vyake vyote kumi.

Kisha nikawasha.
Wa kwanza kunaswa na taa alikuwa Heino,
amesimama katikati ya ua, mweupe kama ganda la yai,
akiificha mikono yake nyuma
ili nisione inavyotetemeka.